Mtunza makoti mwenye nusu ya wimbo

Saa kumi na mbili jioni, mvua ya Aprili inachapa paa la Kituo cha Utamaduni cha Kladenets mjini Pernik, na watu wanaingia wakikung'uta miavuli na kupangusa viatu. Nyuma ya kaunta ya mbao amesimama Bistra Yankulova, mikono tayari ameinyoosha. Anapokea koti, analitundika, anampa mwenyewe kibao cha namba. Anapokea jingine.

“Mzee Kircho, koti limelowa chapachapa. Umekuja kwa miguu?”

“Nimekuja na farasi, nimemfunga hapo nje,” anajibu mzee huyo, mchimba makaa ya mawe mstaafu ambaye hakosi Jumatano hata moja. “Leo wanatuletea nini?”

“Watoto wa shule ya muziki. Filimbi na piano.”

“Filimbi!” Anakunja uso. “Radieta zinawaka?”

“Zinawaka.”

“Basi filimbi si mbaya.”

Bistra anacheka, anamwelekeza ukumbini kwa kidevu. Mzee Kircho atakaa safu ya mbele, pembeni, mgongo umeegemea radieta inayopasha ukumbi joto. Kila mtu hapa anajua kile ni kiti chake.

Jumatano ni siku ya bure. Kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Juni, milango ya Kladenets huwa wazi bila tiketi. Wiki hii ni watoto wa filimbi, wiki ijayo tamthilia ya vikaragosi, wiki inayofuata michoro ya wastaafu waliojifunza kushika brashi baada ya kuacha kazi kiwandani. Wapo wanaokuja kwa ajili ya sanaa. Wapo wanaokuja kwa sababu nyumbani wamezima joto ili kubana matumizi. Wapo wajane wanaokuja kuketi karibu na mtu anayepumua.

Muziki ukianza, korido hubaki tupu. Bistra, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, hubaki peke yake na makoti. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiacha mlango wa ukumbi wazi kidogo, upana wa kiganja, na kusikiliza kutoka hapo alipo.

“Nimesikia kila kitu na sijaona kitu,” anasema. “Niulize yule mpiga fidla kutoka Plovdiv ana sura gani, sijui. Najua tu kwamba viatu vyake vilikuwa vinalia.”

Asubuhi huosha ngazi za majengo mawili ya ghorofa katika mtaa wa wachimbaji. Magoti yake yanamsumbua. Mshahara wa kituo ni ule wa chini kabisa, na amewahi kuitwa kazini kwenye duka kubwa nje ya mji kwa malipo mazuri zaidi. Hakwenda.

“Kule wanapiga muziki kwenye spika za dari siku nzima,” anasema. “Hakuna anayeusikiliza. Ningeugua.”

Bistra alizaliwa katika kijiji cha milimani, upande wa Tran, ambako wanawake huimba wawili wawili. Mmoja huita, mwingine huburuta. Anayeita ndiye mwenye maneno na mapindo yote ya wimbo. Anayeburuta hushika sauti moja, ya chini, hapandi wala hashuki, mpaka mwenzake amalize. Sauti hizo mbili hukaribiana mno hadi hewa katikati yake inatetemeka.

Mdogo wake, Lenka, ndiye aliyeita. Bistra aliburuta. Mama yao aliwagawia hivyo tangu wakiwa wadogo, akiwa anakamua kondoo, na hakuna aliyebishana naye.

“Lenka alikuwa ananichokoza,” anakumbuka. “Ananiambia, ‘Wewe kazi yako ni ya ng'ombe, moo tu basi.’ Nami namwambia, ‘Haya, na wewe bila ng'ombe utalima na nini?’”

Waliimba harusini, waliimba kwenye mavuno, waliimba wakikoroga sufuria kubwa za pilipili za kuhifadhi kwa ajili ya baridi. Walipohamia mjini, Lenka kufuata mume na Bistra kufuata kazi, waliendelea kuimba jikoni, na jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akigonga bomba akitaka waongeze.

Kisha mume wa Lenka alifariki, na kiwanda cha nguo ambamo Lenka alikuwa akishona kikafungwa mwaka uleule. Wanawake wengi wa Pernik walikuwa wanakwenda Italia kutunza wazee. Lenka naye akapanda basi. Alimwacha binti yake wa miaka minane, Rada, mikononi mwa Bistra.

“Aliniambia, ‘Baridi mbili tu, dada. Nitarudi kabla Rada hajang'oa meno yote ya utoto.’” Bistra anarekebisha mkono wa koti lililokuwa linaning'inia vibaya. “Rada sasa ana miaka ishirini na mitano. Anauza dawa kwenye famasia pale karibu na kituo cha treni. Ana meno mazuri.”

Lenka amekuwa akija mara chache, siku chache, akiwa na mizigo mingi na usingizi. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yao. Hawakuimba, kwa kuwa katika nyumba yenye msiba hakuimbwi. Alipopanda basi kurudi Padova, mji wa Italia anakofanya kazi, walikumbatiana tu.

Tangu hapo watu wa kijijini walipomwomba Bistra aimbe, jibu lake lilikuwa lile lile.

“Niwaimbie nini? Mimi sina wimbo. Nina sauti moja tu.”

Novemba mwaka jana, wanawake wawili waimbaji walialikwa kutoka Radomir. Akafika mmoja, mwenzake alikuwa kitandani na homa. Yule mmoja aliwaomba radhi watu, akaanza kuimba peke yake.

Bistra alikuwa kwenye korido, ameshika skafu iliyolowa ya mtu fulani, akitafuta mahali pa kuianika. Aliusikia wimbo. Alijua mahali hasa ambapo sauti ya chini ilipaswa kuingia, na pale palikuwa patupu.

“Sikuamua,” anasema. “Ni kama chafya. Chafya huiamui.”

Mkurugenzi wa kituo, Ognyan Radulov, alikuwa ameketi nyuma ya ukumbi. Aliposikia mngurumo ule aliruka kitini, akatoka mbio.

“Nilidhani mabomba ya radieta yameingia hewa,” anasimulia huku akicheka. “Nikasema, Mungu wangu, yatapasuka katikati ya onyesho. Nafika kwenye korido, namkuta Da' Bistra amefumba macho, katikati ya makoti, anaimba. Nilisimama palepale. Miaka yote hiyo namsalimia kila siku, sikujua.”

Mwimbaji wa Radomir hakukatiza. Aligeuza uso kuelekea mlangoni na kuendelea, na watu wote ukumbini wakageuka naye.

Ognyan alikuwa amerekodi onyesho hilo, akaliweka kwenye ukurasa wa kituo. Lilimfikia Lenka, Padova, jikoni kwa Bibi Ornella, mwanamke wa miaka tisini na mmoja anayemtunza. Akapiga simu usiku uleule.

“Hakusema hata habari,” anasema Bistra. “Alisema, ‘Kumbe ng'ombe wangu bado analia.’ Basi. Tukalia wote wawili, kila mtu na simu yake.”

Wakajaribu kuimba kwa simu. Haikuwezekana. Sauti ya Lenka ilifika imechelewa, ya Bistra ikafika kwake imechelewa zaidi, na mahali ambapo zilipaswa kugusana zilipishana. Walijaribu jioni kadhaa. Mwishowe Lenka alicheka, akasema ni kama kucheza dansi na mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Ndipo alipoahidi kuja. Angeomba ruhusa mwanzoni mwa Machi, angekaa wiki nzima, na Jumatano wangepanda jukwaani pamoja. Ognyan alichapisha bango: Bistra na Lenka, nyimbo za sauti mbili, kiingilio bure. Akalibandika mpaka kwenye mlango wa famasia.

Rada ndiye aliyelisoma kwanza kila asubuhi, akifungua mlango wa kazi. Hakulifurahia.

“Mama mkubwa, usijitese,” alimwambia Bistra. “Aliahidi kuja nikimaliza shule. Nilimwekea kiti. Uliona nani alikikalia.”

“Safari hii anakuja.”

“Haya. Mimi niliacha kuweka kiti.”

Bistra alifua aproni mbili za mama yao, zile zenye tarizi nyekundu pindoni, akazipiga pasi. Alikanda unga wa banitsa, mkate wa jibini wa tabaka nyembamba ambao Lenka huusifia kwa simu kana kwamba Italia hakuna chakula. Alibadilisha mapazia.

Jumatatu jioni simu ikalia. Bibi Ornella alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Mwanawe alikuwa safarini mbali. Hospitali ilimtaka mtu wa kukaa naye, na bibi mwenyewe hakutaka kushikwa na mwingine yeyote isipokuwa Lenka.

“Dada, ananishika mkono haniachii,” alisema Lenka. “Nifanyeje?”

Bistra alimwambia akae. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini Rada, aliyekuwa akisikiliza pembeni ya meza, alichukua simu mkononi mwake.

“Bibi alipoanguka hapa, mbona hukuja kukaa naye?” aliuliza. “Bibi yetu. Nani alimshika mkono?”

Simu ikakatika, au Lenka akaikata. Hakuna anayejua, na hakuna aliyeuliza.

“Sikumkemea Rada,” anasema Bistra. “Alisema jambo ambalo mimi nililimeza siku ile ya mazishi. Lakini nililala nikimfikiria Lenka kwenye kile kiti cha hospitali. Mama yetu alikufa wakati yeye anamwogesha mama wa mtu mwingine. Unadhani hajui? Anajua kila anaposhika sabuni.”

Jumatano asubuhi Ognyan alitaka kuahirisha. Bistra alikataa. Watu walikuwa wameshakodi basi dogo kutoka kijijini. Akasema yeye mwenyewe atapanda kuwaeleza kwamba Lenka hakuja, kwa kuwa hataki walisikie jambo hilo kwa mtu mwingine.

“Na makoti?” aliuliza Ognyan.

“Mimi nitashika makoti,” alisema Rada. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, bado na joho jeupe la famasia. “Ila huko ndani siingii.”

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Bistra alipanda jukwaani amevaa aproni moja. Nyingine ilibaki nyumbani, imekunjwa kitandani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona ukumbi ule ukiwa na watu ndani, na kilichomshangaza ni jinsi nyuso zilivyokuwa nyingi na karibu.

“Lenka hakuja,” aliwaambia. “Ana mgonjwa hospitalini. Wimbo wetu ni wa watu wawili, na mimi ninacho kipande kimoja tu. Kwa kuwa mmetoka mbali, nitawapa hicho mkisikie, halafu tule banitsa, ipo ya kutosha.”

Akatoa sauti yake. Moja, ya chini, tambarare. Alikusudia kuishika kidogo tu kisha ashuke.

Kutoka safu ya mbele, karibu na radieta, sauti nyingine ikaidaka. Ilikuwa ya Mzee Kircho, nzito, yenye vumbi la mgodi.

“Nilimwonea huruma,” anaeleza mzee huyo leo, kana kwamba anajitetea mbele ya hakimu. “Amesimama pale peke yake na kale kasauti. Nikasema, hiki hata mimi nakiweza. Hakina maneno, hakina kona. Nani atashindwa?”

Watu wa kijijini wakafuata. Kisha safu iliyokuwa nyuma yao. Mwalimu wa hesabu, wauguzi wawili waliotoka zamu, mwanamume aliyekuja kwa ajili ya banitsa. Wote kwenye sauti moja.

Bistra akaishiwa pumzi. Akanyamaza ili avute hewa.

“Maisha yangu yote, mimi nikivuta pumzi, sauti inakatika,” anasema. “Lenka alikuwa ananisubiri hapo, au ananifokea. Siku ile nikavuta pumzi, na sauti haikukatika. Iliendelea bila mimi. Nikabaki nimesimama sina kazi.”

Anageuza sikio kuelekea filimbi za ukumbini, kisha anaendelea.

“Ndipo nikaita.”

Hakuwahi kuiimba sehemu ya Lenka, hata akiwa peke yake, hata akiosha ngazi. Lakini alikuwa amesimama kando yake tangu utotoni na aliijua kila kona yake. Ni wimbo wa wavunaji wawili wanaoitana kutoka kilima hadi kilima jua linapozama, kila mmoja akimuuliza mwenzake kama amemaliza shamba lake. Sauti yake ilipasuka mwanzoni, ikatulia, ikapanda.

Kwenye korido, Rada alikuwa anatundika koti la mtu aliyechelewa.

“Nilimsikia mama yangu,” anasema. Anaongea kwa upole, kwenye famasia, akitazama rafu za dawa. “Sisemi ilifanana. Nilimsikia yeye. Nilikuwa na miaka minane, nimelala, na wao wako jikoni. Nilikuwa nimesahau kwamba ninaikumbuka sauti ile.”

Aliliacha koti sakafuni, akasukuma mlango, akaingia. Alisimama nyuma kabisa na joho lake jeupe. Hakuimba. Alilia mpaka wimbo ukaisha, na mwanamke asiyemjua akampa leso.

Bistra alipomaliza, watu hawakuacha sauti mara moja. Ilififia safu kwa safu. Aliyekuwa wa kwanza kusema ni Mzee Kircho.

“Koo linaniwasha. Chai iko wapi?”

Rada ndiye aliyemtumia mama yake rekodi ya jioni ile. Hakuandika kitu juu yake. Lenka hakujibu siku ile wala kesho yake. Alipopiga, alianza kwa lawama.

“Umeuharibu ule mstari wa tatu. Pale unashuka, hupandi.”

“Wewe ulikuwa unapanda.”

“Nilikuwa nashuka! Ulikuwa husikilizi, uko kwenye moo yako.”

Wakabishana vizuri juu ya mstari wa tatu. Kisha Lenka akasema, taratibu, “Basi sasa hunihitaji.”

Bistra anakiri kwamba neno hilo lilimchoma na kumfurahisha kwa wakati mmoja. Miaka yote alikuwa akitamani Lenka ajue kukaa bila mwenzake kukoje.

“Nikamwambia, ‘Sehemu yako nimeiazima tu. Njoo uichukue.’ Akasema, ‘Dada, siwezi. Bibi hajaanza hata kutembea.’ Nikasikia mtu anatamka, ‘Basi nitakuletea.’ Kumbe ni mimi.”

Bistra hajawahi kutoka nje ya Bulgaria. Hata bahari ya Varna aliiona mara moja, na ilikuwa na ukungu. Mwezi uliopita alipata pasipoti, ya kwanza maishani, na anasema kwenye picha anafanana na mtu aliyeibiwa. Kituo hufungwa mwezi wa Agosti. Atapanda basi linaloondoka Sofia, atavuka Serbia na nchi nyingine mbili ambazo bado anachanganya majina yake, mpaka Padova.

Ognyan amemwomba warekodi wakiimba huko, ili rekodi ioneshwe Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Amekataa. Anaogopa. Inawezekana sauti zao hazilingani tena. Hawajaimba katika chumba kimoja kwa miaka mingi, kuta za nyumba ile ni nyembamba na majirani ni watu wa kulalamika.

“Na Bibi Ornella?” anaulizwa. “Hatasumbuka?”

“Hasikii sikio moja. La pili Lenka anasema linafanya kazi akitaka.” Anatabasamu. “Tutamkalisha katikati. Kama wimbo ni mbaya, ataligeuza lile zima ukutani.”

Ndani, filimbi ya mwisho imenyamaza na makofi yameanza. Bistra anasimama, anajinyoosha mgongo, lakini bado ana jambo moja la kusema, na analisema haraka kabla mlango haujafunguka. Tiketi ya basi bado hajaikata, kwa sababu hajui akate ngapi. Alimwambia Rada kuhusu safari mara moja tu, wakila, na Rada akaondoa sahani mezani, akaenda kuziosha. Zikapita siku.

“Jana anafunga famasia, nimempitia turudi wote,” anasema. “Tunatembea, tumefika karibu na nyumbani. Ananiuliza, ‘Mama mkubwa, huko Padova Agosti kuna joto kiasi gani?’ Sikumtazama. Nilihisi nikimtazama ataghairi. Nikamwambia joto lipo, achukue nguo nyepesi.”